Feni Isiyozimika: Kisa cha Corolla ya 1993 Iliyokuwa Ikichemka Kwenye Foleni ya Likoni

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya kizazi cha saba, muundo wa AE101, lililotoka kiwandani Japani mwaka 1993 likiwa na injini ya 4A-FE ya cc 1,587 na gia za mkono. Mwenyewe ni mwalimu wa shule ya upili anayeishi Tudor, na alilinunua kwa mapenzi tu, kwa kuwa gari la kumfikisha kazini tayari alikuwa nalo. Kwa miaka minne amelishusha kwa springi fupi, amelivisha rimu za inchi 15, amebadilisha bushi zote za mbele na kulipaka rangi upya, ileile ya kijivu iliyoandikwa kwenye logibuku. Alinijia mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma na jua la Mombasa likiwa katika ukali wake, akiwa na lalamiko moja. Gari lilikuwa linachemka kila liliposimama kwenye foleni ya feri ya Likoni, ilhali likienda Mariakani na kurudi, mshale wa joto haukufika hata katikati ya geji.

"Ami," aliniambia, "nimeshatumia elfu sitini na mbili kwa maradhi haya peke yake, na bado siwezi kumpeleka mama Ukunda bila dumu la maji kwenye buti."

Kabla ya kufungua boneti nilimwomba anieleze historia yote kwa mpangilio, tangu siku ya kwanza alipoona dalili yoyote, hata ile aliyoidhani ni ndogo. Maelezo hayo yalichukua karibu saa nzima, na ndiyo yaliyokuja kulitatua jambo lenyewe, ingawa wakati huo mimi pia sikuyatambua. Alisema kuwa miaka miwili nyuma feni ya rejeta ilianza kuzunguka muda wote, hata asubuhi injini ikiwa baridi, mara tu ufunguo ulipowashwa. Fundi wa gereji moja akasema swichi ya joto imeharibika, akakata waya na kuiunganisha feni na kitufe kwenye dashibodi, dereva aiwashe mwenyewe anapoona haja. Miezi mitano baadaye mwalimu alisahau kukibonyeza kitufe hicho akiwa kwenye msongamano wa Changamwe, injini ikachemka mpaka mpira wa juu wa rejeta ukapasuka, na hedi, yaani kichwa cha injini, ikapinda. Hedi ikapelekwa kusawazishwa kwa mashine, gasketi mpya ikafungwa, na fundi, kwa nia njema kabisa, akaitoa thamostati, ule mlango mdogo unaojifungua na kujifunga kwa joto la maji, na kuitupa ili "maji yapite bila kizuizi". Joto liliporudi tena, mwalimu akanunua rejeta ya alumini iliyo nene kuliko ya awali. Rejeta hiyo haikukubaliana na kava ya plastiki iliyobeba feni mbili za kiwandani, kwa hiyo kava na feni zote mbili zikatolewa, na mahali pake ikafungwa feni moja bapa ya inchi 12, ikishikiliwa na vibanio vya plastiki vilivyopenyezwa katikati ya mapezi ya rejeta. Mwisho ukafungwa mfuniko wa rejeta wa shinikizo la 1.3, badala ya ule wa 0.9 uliokuja na gari.

Msomaji ataona kwamba kila hatua ilikuwa jibu la hatua iliyotangulia, na kwamba kila mara kuna kitu cha kiwandani kilichoondolewa. Jambo la kwanza lililonipasa kulithibitisha, hata hivyo, lilikuwa kwamba injini yenyewe bado ni nzima. Gasketi ya hedi inayovuja husukuma hewa ya moto ya silinda ndani ya maji, na katika hali hiyo hakuna rejeta wala feni itakayosaidia. Nilipima mgandamizo wa silinda zote nne injini ikiwa na joto, nikapata 168, 170, 165 na 170 kwa kipimo cha psi. Kitabu cha Toyota kinataja 191 kwa injini mpya na 142 kama kiwango cha chini kabisa, na kinataka tofauti baina ya silinda isizidi 14. Kisha nikatumia ile dawa ya buluu inayogeuka manjano ikikutana na hewa chafu ya injini, nikaishikilia juu ya mdomo wa rejeta kwa dakika kumi, nayo ikabaki buluu. Kazi ya hedi ilikuwa imefanywa vizuri, na namshukuru aliyeifanya, kwa sababu iliniondolea nusu ya mashaka.

Tatizo linalotokea gari likiwa limesimama na kutoweka likiwa mwendoni huelekeza kwenye upepo. Kwa kilomita 80 kwa saa, upepo unaoingia kwa mbele unatosha wenyewe kupoza rejeta, hata kama feni imekufa. Gari likisimama, upepo wote hutegemea feni, na AC ikiwashwa mzigo huongezeka kwa njia mbili, kwani kompresa huipa injini kazi zaidi, na kondensa, ambayo imekaa mbele ya rejeta, hutema joto la ndani ya gari kwenye hewa ileile inayokwenda kuipoza rejeta. Ndiyo maana foleni ya Likoni, ambako gari linaweza kusota nusu saa juani na vioo vimepandishwa, ni mtihani mgumu kwa gari la zamani kuliko safari nzima ya barabara kuu.

Nilitaka mtihani ninaoweza kuurudia. Tuliegesha gari uani saa saba mchana, hewa ikiwa nyuzi 32, tukaliacha lingurume bila kukanyagwa, AC ikiwa imewashwa na feni pia, nikawa napima kwa kipimajoto cha miale mahali maji yanapotoka kwenye hedi. Masharti yalikuwa mawili: kubadilisha kitu kimoja tu kila mara, na kuusimamisha mtihani joto likifika nyuzi 108. Maji yenye shinikizo la 0.9 hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 119, lakini hedi ya alumini iliyokwisha kupinda mara moja haistahili kujaribiwa mpaka ukingoni.

Mara ya kwanza ilifika 108 katika dakika ya 22. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa nyuzi 106 na wa chini nyuzi 101, tofauti ya nyuzi tano tu, maana yake maji yalikuwa yakiingia kwenye rejeta na kutoka karibu na joto lilelile. Mwalimu alikuwa na bahasha ya karatasi za mtihani kwenye kiti cha nyuma, nikamwomba moja iliyokwisha kusahihishwa. Niliiweka mbele ya grili. Katikati, penye feni, karatasi ilinata. Nilipoisogeza kidogo kuelekea pembeni ilianguka chini. Rejeta yenye upana wa zaidi ya nusu mita ilikuwa inavutiwa hewa kwenye duara moja tu, na pembe zake zote nne hazipati kitu. Zaidi ya hapo, kwa kuwa hapakuwa na kava, feni ilikuwa ikijivutia sehemu ya hewa yake kutoka pembeni, hewa ambayo imekwisha kupashwa moto na injini.

Kabla ya kuligusa hilo nilipima umeme. Kwenye betri mita ilionyesha volti 13.7, na kwenye feni yenyewe 10.9. Karibu volti tatu zilikuwa zinapotelea njiani, nazo nilizikuta kwenye waya wa erthi uliofungwa kwa skrubu kwenye bati la mbele: ncha yake ilikuwa imegeuka kijani kibichi na kuota unga. Anayeishi kisiwani anaujua unga huo, kwa maana upepo wa bahari hauachi shaba iliyo wazi, na waya unaoonekana mzima kwa nje unaweza kuwa umeoza sentimita kumi ndani ya gamba lake. Tulikata sehemu iliyooza, tukabana ncha mpya, tukakwangua bati mpaka likang'aa na kupaka grisi juu yake. Feni ikapata volti 13.3 na mlio wake ukabadilika papo hapo. Katika mtihani wa pili joto lilifika 104 katika dakika ya 30, likiwa bado linapanda polepole. Ilikuwa nafuu, lakini nafuu isiyotosha.

Hatua ya pili ilikuwa kuzirudisha feni mbili za kiwandani pamoja na kava yake, na hapa tulipoteza wiki nzima. Kanuni ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo Corolla za aina hii hazishuki tena Kilindini. Zilizopo ni zile zilizoingia zamani, na spea zake za bodi hutoka kwenye magari yaliyokatwa au kwa wauzaji wa spea zilizotumika. Kava tatu za kwanza zilizoletwa zilikuwa zimepasuka masikio. Ya nne ilikuwa nzima, pamoja na feni zote mbili, kwa shilingi 4,500, ambayo kwangu ni bei ya haki kwa kitu ambacho wengi hukitupa. Ili ikae kwenye rejeta nene tulitengeneza mabano mawili madogo ya chuma na kuziba mwanya uliobaki kwa utepe wa sponji nene, ule unaozuia maji kwenye milango. Wenye haraka hulidharau ziba hilo. Hewa hupita penye wepesi, na ikipata mwanya wa kidole kando ya rejeta itaupita huo badala ya kujipenyeza kwenye mapezi. Tuliporudia jaribio, karatasi ya mtihani ilinata kwenye pembe zote, na joto likasimama kwenye nyuzi 97 bila kupanda tena.

Mwalimu alitaka tuishie hapo, na ninamwelewa. Lakini nyuzi 97 ni nyingi kwa injini iliyokusudiwa kuanza kupozwa kwenye nyuzi 82, na palibaki lile fumbo la upande wa pili: kwa nini mshale hauinuki barabarani? Nilisafiri naye mpaka Mazeras na kipimajoto mkononi, tukasimama kando ya barabara sehemu ya tambarare na kupima. Nyuzi 68. Injini iliyokuwa ikiungua Likoni ilikuwa inatetemeka kwa baridi barabara kuu, na maradhi hayo mawili yalitokana na pengo moja, pale thamostati ilipokuwa.

Wengi wetu tumeambiwa kuwa thamostati ni kizuizi, na kwamba kwa nchi za joto haina kazi. Wanaopinga hilo nao hutoa sababu isiyo sahihi, kwamba bila thamostati maji hupita haraka mno kwenye rejeta na kukosa muda wa kupoa. Kasi ya maji siyo kosa, kwani maji yanayozunguka haraka hubeba joto vizuri. Sababu iko katika umbo la kifaa chenyewe. Katika 4A-FE thamostati imekaa upande ambao maji hurudi kwenye injini yakitoka rejeta, na chini yake ina kisahani cha pili. Injini ikiwa baridi, mlango wa rejeta umefungwa na maji huzunguka kwa njia ya mkato ndani ya injini ili yapate moto upesi. Joto likipanda, mlango wa rejeta hufunguka na kile kisahani cha pili husogea na kuiziba njia ya mkato, ili maji yote yalazimike kupitia rejeta. Ukiitoa thamostati, umeifungua milango yote miwili daima, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye pampu bila kuiona rejeta hata mara moja. Barabarani upepo ni mwingi kiasi kwamba maji machache yanayofika kwenye rejeta hupozwa kupita kiasi. Kwenye foleni hayatoshi. Kitabu cha Toyota kinaonya dhidi ya kuitoa, hata kama injini ina tabia ya kuchemka.

Hili pia lilifafanua jambo ambalo mwalimu alikuwa amelitaja kwa kupita tu, kwamba gari limeanza kunywa petroli. Kompyuta ya injini hutazama joto la maji kuamua kiasi cha petroli, na kwa nyuzi 68 huamini kuwa injini haijapata moto bado, hivyo huongeza petroli kidogo kila wakati. Hakuwa na sababu ya kuyaunganisha mambo hayo mawili, maana kwa macho yake shida ya gari ilikuwa joto.

Tulinunua thamostati mbili kutoka maduka mawili na kuzipima nyumbani kabla ya kufunga yoyote. Nilizitumbukiza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko, zikining'inia kwa uzi zisiguse chini, kipimajoto kikiwa kando yake. Inayotakiwa huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kwa nyuzi 95 iwe imefunguka angalau milimita 8. Ya kwanza ilianza kwenye 82 na kufikia karibu milimita 9. Ya pili, iliyokuwa kwenye kisanduku kizuri zaidi, haikutikisika mpaka nyuzi 90, na maji yalipochemka ilikuwa imefunguka milimita 4 tu. Tungeifunga hiyo bila kuipima, mwalimu angerudi kwa yule fundi na kumwambia kuwa alikuwa na haki ya kuitupa. Inawezekana kabisa kwamba desturi ya kutoa thamostati ilizaliwa na vifaa vibovu vya namna hii, na kwa hiyo sina ukali kwa waliokuwa wakifanya hivyo. Tuliifunga ile nzuri, kile kipini chake kidogo cha kutolea hewa kikielekea juu.

Maji tuliyomwaga kabla ya kazi hiyo yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Mwalimu alikuwa akiongeza maji ya kisima cha nyumbani, na visima vingi vya kisiwani hutoa maji yenye chumvi, chumvi ambayo hula alumini. Shingo ya alumini inayounganisha mpira wa juu na hedi tuliikuta imeliwa mashimo madogo kama kokwa za stafeli. Tulisafisha mfumo mara tatu kwa maji safi, tukajaza kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwenye vituo vya petroli kwa ajili ya betri. Mfuniko wa 1.3 tuliuondoa na kurudisha wa 0.9, kwani shinikizo la ziada halikuwa likiponya chochote, na mipira ya zamani ndiyo iliyokuwa ikilibeba.

Katika mtihani wa nne joto lilipanda mpaka 95, feni ikavuma, likashuka mpaka 90, likapanda tena, na likaendelea hivyo kwa dakika zote 30.

Sasa ile feni iliyokuwa ikizunguka muda wote. Nilipokuwa nikiurudisha mfumo wa waya wa kiwandani niliitoa swichi ya joto, ileile iliyohukumiwa miaka miwili nyuma, nikaitia kwenye sufuria. Ikiwa baridi ilipitisha umeme. Maji yalipovuka nyuzi 93 ilikata. Yalipopoa chini ya 83 ilipitisha tena. Swichi ilikuwa nzima kabisa, na haijawahi kuharibika. Wahandisi wa Toyota waliipanga kinyume na anavyotarajia mtu: injini ikiwa baridi, umeme unaopita kwenye swichi ndio unaoishikilia rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ili feni isizunguke, joto likipanda, swichi hukata, rilei huachia, na feni huvuma. Kwa mpango huo, waya ukikatika popote au soketi ikioza, feni haifi bali huzunguka bila kukoma. Nilipoitazama soketi ya swichi hiyo nilikuta pini yake imeliwa na unga uleule wa kijani. Kumbe siku ile ya kwanza gari halikuwa limeharibika feni. Lilikuwa limepoteza mguso wa pini moja, na likachagua lenyewe upande wa usalama, likaiwasha feni na kumlinda mwenyewe huku likisubiri mtu alitazame. Soketi ya kurekebisha hilo niliinunua kwa shilingi 500.

Nilipomweleza, mwalimu alinyamaza kwa muda, kisha akaomba aione sufuria tena, maji yapashwe upya, aone kwa macho yake mwenyewe swichi ikikata. Tuliirudia mara tatu.

Kitufe cha dashibodi hakutaka kukitoa, na sikuona sababu ya kumlazimisha, ila tulikibadilisha kazi. Sasa kinaukata waya wa swichi ya joto, hivyo akikibonyeza feni huzunguka hata kabla ya nyuzi 93, asipokibonyeza gari hujiendesha lenyewe, na kitufe kikioza siku moja, feni itazunguka. Jumla ya gharama, pamoja na thamostati iliyokataliwa, ilikuwa shilingi 13,900. Wiki tatu baadaye alipima petroli yake kwa tangi mbili mfululizo, akapata kilomita 12.1 kwa lita, ambapo awali alikuwa akipata 9.4. Kwenye foleni ya Likoni amekaa dakika 41, siku ya Jumamosi, AC ikiwa wazi na mama yake kwenye kiti cha mbele, na mshale haukuvuka katikati.

Limebaki jambo moja. Akipanda mlima wa Mazeras na mzigo, joto hufika nyuzi 98 kabla ya kushuka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nililala chini ya gari na kukuta kwamba bamba la plastiki linalofunika sehemu ya chini ya mbele halipo. Kwa jinsi gari lilivyoshushwa, lilikwanguliwa kwenye ngazi ya chuma ya feri siku ambayo mwalimu anaikumbuka vizuri. Bamba hilo huielekeza hewa ya barabarani ipite kwenye rejeta badala ya kutorokea chini. Tunalitafuta, na wakati huohuo tunajadiliana kama springi za mbele zipandishwe sentimita mbili, jambo ambalo bado hajalikubali.